Fimbo Ilipomfikia Marlys

Kila mwezi wa sita mji wetu unajaa watu waliovaa maua kichwani. Wanaiita Sikukuu ya Amani na Mapenzi. Wanakuja kutoka San Francisco na magari ya bei mbaya, wanavaa shanga walizonunua asubuhi ileile hapo kona, wanacheza pekupeku kwenye nyasi za kanisa, jioni wanarudi kwao kuoga maji ya moto. Na kila mwaka kamati inamkalisha Marlys Hoekstra kwenye kiti chini ya hema, kikapu cha mikate mapajani, ili apigwe picha. Juu ya kichwa chake wametundika kibao: "Mvua, hipi wa kweli." Naye anakaa. Mimi nikimwona pale nasonya mpaka mume wangu Orrin ananivuta mkono.

"Arvella, watu wanakusikia."

"Wacha wasikie! Ndiyo nataka wasikie!"

Kwa sababu katika wote wanaojipanga kupiga naye picha, sijaona hata mmoja aliyemuuliza, mama, wewe una mtoto? Basi mimi nitasema. Nimeishi chini ya kile kilima tangu nilipoolewa, na shamba letu la matufaha limepakana nacho, kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

Marlys si wa hapa California. Kwao ni Iowa, kwa wafugaji wa nguruwe, watu wa kanisa haswa, ambao baba akikohoa mezani kila mtu anaweka uma chini. Alikuwa na kaka mmoja, Gerrit. Gerrit alipoitwa jeshini kwenda Vietnam alisema wazi kwamba hataki, na kwamba Canada si mbali. Baba yake akasema hakuzaa mwoga. Akamtia kwenye gari, akampeleka mwenyewe kituo cha basi, akasimama pale mpaka basi likaondoka. Gerrit alirudi kwenye sanduku. Marlys aliniambia kuwa kwenye mazishi hakulia. Alikaa anamtazama baba yake, akajiapia kwamba maishani mwake hatamwamulia binadamu mwenzake aende wapi. Kisha akafunga nguo zake, akasimama barabarani akinyoosha dole gumba kuomba lifti, na lori baada ya lori likamleta mpaka kwetu. Mwaka huo ulikuwa sitini na nane, naye alikuwa na miaka ishirini.

Pale kilimani walikuwa wamejaa vijana wa namna yake, wale walioitwa mahipi, waliokimbia nyumba za wazazi wao. Mkubwa wao, ingawa walisema hawana mkubwa, alikuwa kijana mmoja mrefu aliyejiita Mlima. Jina lake la nyumbani ni Preston Whitcomb, mtoto wa wakili wa Boston. Pesa ya baba ndiyo iliyonunua ardhi ya kupinga pesa za akina baba. Usicheke, wao hawakuona la kuchekesha.

Ukifika pale, jambo la kwanza lilikuwa kutupa jina. Wanawasha moto, unalitamka jina ulilopewa na wazazi wako mara ya mwisho, halafu hulitamki tena, na wenzako hawaruhusiwi kukuuliza. Unachukua jina jipya. Marlys akawa Mvua. Kulikuwa na Mlima, na Mwerezi, na Bahari, na msichana mmoja aliyejiita Kimya ambaye, Mungu nisamehe, sijapata kuona mtu mwenye domo kama lile.

Jambo la pili lilikuwa duara. Kila neno la pale liliamuliwa kwenye duara, wamekaa chini wamekunja miguu, na fimbo inazungushwa. Ilikuwa fimbo nene ya mti wa msituni, wameichonga uso wa bundi. Mwenye fimbo ndiye anayesema, wengine wote wanafunga mdomo. Na hawakupiga kura, maana walisema kura ni wengi kuwaonea wachache. Mtu mmoja tu akisema hapana, jambo limekufa. Mmoja tu! Shikeni hilo.

Nitawaambia lilivyofanya kazi. Walikuwa na mbuzi, na mbuzi wakawa wanateremka kula miche yangu ya matufaha. Nikapanda na ufagio wangu mkononi.

"Jengeni ua," nikawaambia, "la sivyo Orrin atawapiga risasi hawa wanyama."

Wakaketi kwenye duara. Fimbo ikazunguka, wote wakakubali ua, mpaka ikafika kwa Bahari. Bahari akaibusu ile fimbo, akafumba macho. "Mimi nasema hapana. Mbuzi hakuzaliwa afungiwe."

Basi, kwisha. Hakuna ua. Mbuzi wakala miche yangu, wakala na bustani yao yote ya mboga, na majira ya baridi yale watu wazima wenye shahada za chuo kikuu walikuja kuniomba viazi.

Hodari pale alikuwa Marlys. Alikuwa amelelewa akifanya kazi, hakujua kukaa. Wanaume walipiga gitaa na kuvuta bangi yao na kujadili uhuru wa mwanadamu mpaka sauti zinawakauka, na Marlys yuko jikoni na mikono imejaa unga, anaoka mikate ya ngano isiyokobolewa kwa watu wote wale. Vyombo aliosha yeye na wasichana wenzake. Siku moja nikamuuliza, "Mwenzangu, uhuru wenyewe ndio huu? Si heri ungebaki na nguruwe?"

Akacheka. "Lakini hapa hakuna anayenituma, dada Arvella."

Ni kweli, hakuna aliyemtuma. Walimwachia tu.

Hapo akazaa mtoto wa kike, kwenye kibanda, bila daktari, bila karatasi yoyote. Wakamwita Njiwa. Baba wa mtoto walisema ni kilima chote. Haya. Lakini yule mtoto alitoka na masikio yaliyochomoza pembeni na kujikunja juu, na masikio hayo pale kilimani yalikuwa na mtu mmoja tu, naye alikuwa mrefu na baba yake alikuwa wakili. Kila mtu aliyaona, hakuna aliyesema.

Na kulikuwa na sheria ya watoto. Mtoto si mali ya mtu. Mtoto ni mtu huru aliye mfupi, ndivyo Mlima alivyosema, na watu wakatikisa vichwa kwa utamu wa maneno. Kwa hiyo ilikuwa marufuku mtoto kusema "mama." Neno hilo, eti, ni kamba. Njiwa alimwita mama yake Mvua, kama alivyomwita kila mtu kwa jina lake. Alilala popote usingizi ulipomkuta. Alikula kwa yeyote aliyekumbuka kumpa. Alikuwa wa wote, na matokeo yake kucha hakuna wa kuzikata na chawa hakuna wa kuwatoa.

Alijifunza njia ya kuja kwangu. Binti yangu Darlene alikuwa mkubwa kwake kidogo, basi nawalisha pamoja, uji na siagi, mayai. Siku moja Marlys alikuwa amekuja kuchukua chachu, na Darlene akaniita kutoka mezani, "Mama, naomba maziwa." Njiwa akabaki kijiko hewani. Akamtazama Darlene, akanitazama mimi nikimmiminia maziwa, halafu akamgeukia Marlys, akasema polepole kama anayeonja chakula kigeni, "Mama, naomba maziwa."

Jamani, uso wa Marlys! Uliwaka wote, mpaka shingoni. Nikajua sasa atamkumbatia. Lakini akampapasa tu mtoto begani. "Mvua," akasema. "Niite Mvua, mpenzi." Mtoto akarudi kwenye uji wake. Mimi nilitamani kumzaba Marlys kofi, na nilimwambia hivyo.

"Nikianza mimi kuvunja sheria yetu," akanijibu, "nitaishia kuwa kama baba."

Njiwa alipokuwa na miaka sita, walikuja Kobe na Asali. Mume na mke, au vyovyote walivyokuwa, kwenye basi kuukuu la shule walilolipaka rangi ya buluu. Walikaa kiangazi kizima. Sitawasingizia, hawakuwa watu wabaya. Asali hakujaliwa kuzaa, na ulimwona anavyomfuata Njiwa kwa macho. Alimchana nywele, akamtoa chawa, akamtafutia viatu. Kobe alimtengenezea kitanda kidogo ndani ya basi. Mtoto akaanza kulala huko. Nani asingelala huko?

Mvua za kwanza zilipokaribia, wakataka kuondoka kwenda kusini kwenye joto. Na Asali akaomba duara.

Mimi nilikuwepo kwa bahati tu. Tulikuwa tunavuna, nikapanda na kreti la matufaha yaliyopondeka, nikawakuta wamekaa. Asali ana fimbo, analia. Anasema Njiwa ameomba mwenyewe kwenda nao, na wao wanampenda, na wanaomba kilima kimwachie. Nikaliweka kreti chini.

Mlima akapokea fimbo, akampa mtoto. Ilikuwa nzito kwake, akaishika kwa mikono miwili.

"Njiwa, dada yangu mdogo," Mlima akamwambia, "wewe ni mtu huru. Unataka kwenda na Kobe na Asali?"

Mtoto hakumtazama Mlima wala Asali. Alimtazama Marlys. Akasema, "Ndiyo." Na baada ya kusema hakuondoa macho, aliendelea kumtazama tu, fimbo kifuani.

"Ebo!" nikapiga kelele. "Mtoto wa miaka sita mnamuuliza mambo hayo? Mmerukwa na akili nyote?"

"Dada Arvella," Mlima akaniambia kwa upole wake ule wa kuudhi, "huna fimbo."

"Nipe hiyo fimbo nikuchape nayo!"

Wengine wakacheka. Kobe peke yake hakucheka. Akainamisha kichwa.

Fimbo ikaanza kuzunguka. Mwerezi akasema anaheshimu. Kimya akasema mengi, mwisho wake anaheshimu. Bahari, yule wa mbuzi, akasema moyo wake unaimba. Nikamkodolea macho Mlima mwenye masikio yake, na yeye akasema anaheshimu. Fimbo ikamfikia Marlys.

Mikono yake ilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko. Aliishika ile fimbo, midomo ikamcheza. Neno moja tu lilitakiwa, na kila aliyekaa pale alilijua. Mbuzi walikuwa wamepata mtu wa kulisema. Mimi nilisimama nyuma ya kreti langu nikimwambia kimoyomoyo, sema, mwanamke, sema, sema! Upepo ukapita, mtoto anamtazama.

Marlys akampa fimbo aliyekaa kando yake.

Basi la buluu liliondoka asubuhi iliyofuata. Niliona likipita chini ya shamba letu, na uso mdogo kwenye dirisha la nyuma.

Wiki haikuisha, Marlys akaja kwangu mbio, hana viatu, miguu inatoka damu. "Nimrudishe," akasema. "Arvella, nataka kumrudisha. Nimekosea, nimrudishe." Orrin akawasha gari bila kuvaa koti, tukaenda kwa sherifu.

Sherifu wetu wa wakati ule alikuwa mtu mzito, hakuwapenda mahipi, lakini alikuwa na watoto. Akashika kalamu.

"Aliyemchukua anaitwa nani?"

"Kobe."

"Kobe nani?"

"Kobe tu."

"Mkewe?"

"Asali."

Akaweka kalamu chini, akaichukua tena. "Majina yao ya kweli, binti."

"Waliyatupa motoni. Haturuhusiwi kuuliza."

"Namba ya gari?"

"Lilipakwa rangi lote."

"Haya. Mtoto anaitwa nani?"

"Njiwa."

"Ana cheti cha kuzaliwa? Kuna hospitali inayomjua? Shule? Kuna karatasi yoyote Amerika hii inayosema mtoto huyu yupo, na ni wako?"

Marlys akatikisa kichwa. Sherifu akaweka kalamu chini tena. Hakumkaripia, na mimi nilitamani amkaripie. "Mama," akamwambia, "nitafute nini?" Ilikuwa mara ya kwanza mtu mzima kumwita Marlys mama, na ndipo alipoanguka chini.

Baada ya hapo kilima hakikudumu. Ugonjwa wa manjano uliwakamata kwa maji machafu, baridi ikawamalizia. Mmoja mmoja wakakumbuka majina yao na namba za simu za wazazi. Mlima alikwenda kusomea sheria. Bahari nilisikia anauza nyumba Sacramento. Wote walikuwa na pa kurudi, kumbe lilikuwa likizo. Aliyebaki ni Marlys. Orrin alimpa kile chumba cha mwisho wa shamba, akapata kazi jikoni kwenye shule ya mji. Baba yake alipokufa hakwenda Iowa, na tulipomwambia aanze maisha kwingine alikuwa na jibu moja tu.

"Akirudi atanitafuta hapa. Kwingine hakujui."

Miaka mingapi kawapakulia watoto wa wenzake maharage na viazi! Kila msichana mwenye nywele zilizofunika masikio, Marlys alikuwa akiinama kidogo amwone. Niliacha kumtania kwa hilo.

Na dunia nayo ikageuka. Sikatai, mahipi waligeuza mambo. Ile vita walisema mbaya, na mbaya ilikuwa, hilo walituzidi akili. Mchungaji wetu siku hizi ana nywele ndefu kazifunga mkia kisogoni, mkewe anafundisha kujinyoosha kwenye ukumbi wa kanisa, na ule mkate mweusi tuliokuwa tukiucheka sasa unauzwa bei ya nyama. Hata Preston Whitcomb alirudi, kazeeka, kanunua nusu ya bonde, analima zabibu za mvinyo. Sikukuu ile ni yeye anailipia. Anapanda jukwaani na shati la kitani anasema, "Sisi tuliifundisha Amerika uhuru," watu wanapiga makofi, na hatua chache kutoka pale amekaa Marlys na kikapu chake. Nilimwuliza Marlys kwa nini anakubali kukaa pale kama sanamu. Akasema, "Picha zinafika mbali."

Zilifika. Mwaka juzi, wakati wa kuvuna, tulikuwa jikoni kwangu mimi na Marlys tunamenya matufaha, gari likasimama nje. Akashuka mwanamke wa miaka thelathini na kitu, suruali imepigwa pasi, nywele fupi. Masikio yalikuwa wazi. Kisu kikamdondoka Marlys.

Jina lake ni Joanne Pruitt. Anasaidia daktari wa meno kule Tulsa, Oklahoma, na kwenye chumba wanamosubiri wagonjwa alifungua gazeti la kurasa za rangi akakuta picha ya mwanamke na mikate, na kibao kimeandikwa Mvua. Kobe na Asali walikuwa wameacha mapema kuzurura barabarani, wakawa Bwana na Bibi Pruitt. Kobe alikuwa akitengeneza majokofu, na kafariki. Asali anaimba kwaya. Walimlea vizuri, alisema, kwa saa ya kulala na saa ya kula. Hakukaa mpaka nilipomvutia kiti.

Marlys alikuwa amelowa uso mzima, anaikunja na kuikunjua aproni. Yule binti akamwacha alie, halafu akasema, bila kupandisha sauti:

"Nimekuja kuuliza jambo moja. Kwa nini hukusema hapana?"

"Ulisema ndiyo," Marlys akanong'ona. "Ulisema unataka. Sikutaka kukuamulia. Nilikuwa na kaka yangu, baba alimwamulia..."

"Nilikuwa na miaka sita."

"Najua."

"Nilisema ndiyo ili unisikie. Nilikuwa nimeona mbuzi wamesemewa hapana. Nikajua nikisema naondoka, na wewe utalisema, kwa ajili yangu, watu wote wasikie. Niliishika ile fimbo nikakungoja. Hata kwenye basi nilikungoja."

Sikujua niangalie wapi, nikaangalia maganda ya matufaha. Marlys alinyoosha mkono juu ya meza, ukafika katikati, ukakaa pale. Binti aliutazama ule mkono. Nadhani alitaka kuushika. Nitakufa nikiamini hivyo.

Simu yake ikalia mfukoni. Akaitoa, na sauti yake yote ikalainika.

"Ndiyo, mama. Hapana, sijambo, mama. Nimeshamwona. Nitakupigia nikiwa njiani, usikae bila kula."

Akairudisha simu, akasimama, akanishukuru kwa kiti. Mlangoni akageuka. Hakuwa na hasira usoni, ningependa angekuwa nayo.

"Kwaheri, Mvua," akasema.

Gari likateremka mpaka hatukulisikia tena. Marlys aliokota kisu chake, akakifuta kwenye aproni, akachukua tufaha jingine lakini hakulimenya.

"Umesikia alivyoniita?"

"Nimesikia."

"Nilimfundisha mwenyewe," akasema. "Hapahapa, kwenye meza hii."